Mabeki wa Gongo: Rekodi Kumi za Hoki, Nyasini na Barafuni, kwa Msomaji wa Malindi na Kilifi

Basi la usiku litokalo Malindi hupita Kilifi na Mtwapa, likavuka Mombasa, likakesha njiani Voi na Mtito Andei, na alfajiri likaingia Nairobi kwa Barabara ya Mombasa. Hapo hupita mbele ya hoteli ya Panari. Saa hiyo abiria wengi wako mbioni kutafuta viatu chini ya kiti na kupiga simu kwa wenyeji wao. Ni wachache wanaojua kwamba ndani ya jengo lile kuna sakafu ya barafu, na kwamba juu ya sakafu hiyo vijana wa Kenya hufukuzana na kisahani cha mpira mgumu, magongo mkononi na makali ya chuma miguuni.

Huo ndio mchezo wa hoki ya barafuni. Kila timu huwa na watu sita uwanjani: mlinda lango, mabeki wawili na washambuliaji watatu. Mechi ina vipindi vitatu vya dakika 20, na wachezaji hubadilishana mchezo ukiendelea, kwa kuwa kazi ni ngumu na baada ya dakika moja hivi mtu huwa hoi. Sheria zake ni tofauti na za hoki ya nyasini, ile inayochezwa na shule zetu, ila beki ni yule yule. Anasimama nyuma, anaona wenzake wote na wapinzani wote, na mara nyingi yeye ndiye anayelaumiwa bao likiingia na kusahaulika likiwekwa. Labda ndiyo sababu wengi wao wakishatundika viatu hukabidhiwa mikoba ya ukocha.

Hizi hapa rekodi kumi za mabeki na za barafu, tukianzia nyumbani.

1. Beki Mkenya aliyeingia katika vitabu vya rekodi duniani

Kabla ya kwenda barafuni, tumsalimu Avtar Singh Sohal, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1938 na kujulikana na wengi kwa jina la Tari. Alikuwa beki wa timu ya taifa ya hoki ya nyasini kwa miaka 15, kuanzia 1957 hadi 1972. Katika muda huo aliichezea Kenya mechi 167 za kimataifa. Wakati huo hakuna mchezaji wa hoki duniani aliyekuwa amefikisha idadi hiyo, na kitabu cha rekodi cha Guinness kikaliandika jina lake.

Alicheza Olimpiki nne: Roma 1960, Tokyo 1964, Mexico City 1968 na Munich 1972. Katika tatu za mwisho alikuwa nahodha. Kule Tokyo Kenya ilimaliza ya sita, na hakuna timu yetu ya hoki iliyowahi kufanya vizuri zaidi kwenye Olimpiki. Mwaka 1971 Kombe la Dunia la hoki lilipochezwa kwa mara ya kwanza, mjini Barcelona, Kenya ilishika nafasi ya nne. Nchi iliyokuwa na miaka minane tu ya uhuru ilikuwa miongoni mwa nne bora za ulimwengu.

Sohal hakuishia kwenye kumbukumbu. Alirudi kama kocha wa timu ya taifa, kazi aliyoifanya kwa muongo mmoja hivi kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970, kisha akawa mwamuzi na msimamizi wa mashindano. Mara ya mwisho Kenya kuonekana kwenye hoki ya Olimpiki ilikuwa Seoul 1988. Tangu hapo ni ukame.

2. Beki mwenye damu ya Kenya aliyefika mbali zaidi barafuni

Johnny Oduya alizaliwa Stockholm, Uswidi, Oktoba 1981. Baba yake ni Mkenya. Kaka yake Fredrik alikuwa beki vilevile. Klabu ya San Jose ilimchagua mwaka 1993 lakini hakubahatika kucheza ligi kuu ya Amerika Kaskazini, NHL, na alifariki kwa ajali ya pikipiki mwaka 2011.

Johnny naye hakupewa matumaini makubwa. Vijana wanapochaguliwa kuingia NHL hupangwa kwa foleni, na yeye mwaka 2001 aliitwa na Washington akiwa wa 221. Mtu wa namba hiyo kwa kawaida hasikiki tena. Alicheza Uswidi miaka mingine mitano akikomaa, na mwaka 2006 akaanza kuichezea New Jersey Devils akiwa na miaka 25. Kutoka hapo alicheza zaidi ya mechi 800 za NHL, akipitia Atlanta, Winnipeg, Chicago, Dallas, Ottawa na Philadelphia.

Mnamo Februari 2010 New Jersey ilimtaka mfungaji hatari Ilya Kovalchuk kutoka Atlanta, na Oduya akawa sehemu ya malipo. Ukitazama hesabu ya siku ile utaona beki alikuwa chenji tu. Lakini Kovalchuk hakuwahi kushinda Kombe la Stanley, taji kuu la NHL. Oduya alilishinda mara mbili akiwa Chicago, 2013 na 2015. Katikati yake, Februari 2014, alivaa jezi ya Uswidi kwenye Olimpiki ya Sochi na kurudi na medali ya fedha baada ya kufungwa na Kanada kwenye fainali.

Si mfungaji. Mabao yake yote ya misimu ya kawaida hayafiki 50. Kazi yake ilikuwa kuteleza kinyumenyume kwa kasi ileile anayokuja nayo mshambuliaji, kumsukumia pembeni, kuzuia kisahani kwa mwili na kutoa pasi ya kwanza.

3. Sekunde 17 zilizoleta kombe

Tarehe 24 Juni 2013, mjini Boston, fainali ya Kombe la Stanley ilikuwa katika mechi ya sita. Chicago ilikuwa mbele kwa mechi tatu dhidi ya mbili, lakini usiku ule Boston waliongoza 2–1 na dakika za lala salama zilikuwa zimewadia. Mashabiki wa nyumbani walikwisha kusimama. Ikabaki dakika moja na sekunde 16, Chicago wakiwa wamemtoa kipa wao ili kuongeza mshambuliaji, Bryan Bickell akasawazisha.

Boston hawajapata hata nafasi ya kuulizana kulikoni, kisahani kikamfikia Oduya upande wa kushoto, mbali na lango. Akaachia mkwaju. Michael Frolik akaugusa kidogo njiani, ukagonga mwamba, ukadondoka mbele ya lango wazi. Dave Bolland akamalizia. Kati ya bao na bao zilipita sekunde 17, na Chicago wakawa mabingwa.

Jina la Bolland ndilo lililoandikwa kwenye magazeti. Katika takwimu, mkwaju wa mwana wa Mkenya umehesabiwa kuwa pasi ya bao. Katika mechi ya kwanza ya fainali hiyohiyo ni Oduya aliyesawazisha 3–3 katika kipindi cha tatu, kwa mkwaju uliomgonga beki wa Boston mguuni. Mechi hiyo ilikwenda vipindi vitatu vya nyongeza kabla ya Chicago kushinda. Bila bao lile la beki, huenda hadithi nzima ingegeuka.

Msimu huo wa 2013 una rekodi nyingine: Chicago walianza kwa mechi 24 bila kupoteza hata moja ndani ya dakika 60 za kawaida. Walishinda 21 na kushindwa tatu tu, zote baada ya muda wa nyongeza. Hakuna timu ya NHL iliyowahi kuanza msimu hivyo.

4. Fainali ya makocha mabeki

Fainali ya 2013 ilikuwa na jambo ambalo watazamaji wengi hawakuligundua. Makocha wote wawili walikuwa mabeki enzi zao, na wote wawili walikuwa wamemfundisha Oduya.

Upande wa Boston alikuwa Claude Julien. Uchezaji wake katika NHL ulikuwa mfupi kupindukia: mechi 14 tu, akiwa na Quebec. Ndiye aliyekuwa kocha wa New Jersey mwaka 2006 Oduya alipoingia ligini, na alipigwa kalamu zikiwa zimesalia mechi tatu msimu wa kawaida uishe, huku timu ikiwa kileleni mwa kundi lake. Alihamia Boston na mwaka 2011 akawapa kombe.

Upande wa Chicago alikuwa Joel Quenneville, beki wa mechi 803. Akiwa kocha alishinda Kombe la Stanley 2010, 2013 na 2015, na katika historia yote ya NHL ni Scotty Bowman peke yake aliye juu yake kwa idadi ya mechi zilizoshindwa. Rekodi hiyo ina doa ambalo halifai kufichwa. Mwaka 2021 uchunguzi huru ulionyesha kwamba viongozi wa Chicago, yeye akiwamo, hawakuchukua hatua mwaka 2010 mchezaji kijana alipolalamika kudhulumiwa kingono na mmoja wa wasaidizi wa benchi. Quenneville alijiuzulu kazi aliyokuwa nayo Florida, akafungiwa na ligi hadi Julai 2024, na mwaka 2025 akaajiriwa na Anaheim. Kocha amekabidhiwa watoto wa watu, na ushindi haumwondolei dhamana hiyo.

5. Kocha aliyerudi kazini kwa mechi moja

Al Arbour alikuwa beki aliyecheza na miwani machoni, kitu cha nadra katika mchezo wa kugongana. Kama mchezaji alishinda Kombe la Stanley na timu tatu tofauti: Detroit, Chicago na Toronto. Akiwa kocha wa New York Islanders alilichukua mara nne mfululizo, 1980 hadi 1983. Timu yake ilishinda raundi 19 za mtoano bila kutolewa, na rekodi hiyo haijaguswa.

Alipostaafu mwaka 1994 alikuwa ameiongoza Islanders katika mechi 1,499. Moja tu ikakosekana kufikia 1,500. Miaka 13 baadaye kocha wa wakati huo, Ted Nolan, akaona idadi ile haimpendezi. Tarehe 3 Novemba 2007, siku mbili baada ya kutimiza miaka 75, Arbour alivaa suti, akasimama tena nyuma ya benchi na kuiongoza timu dhidi ya Pittsburgh. Walishinda 3–2. Hakuna mtu mzee kuliko yeye aliyewahi kuongoza mechi ya NHL. Nolan alimwachia mzee kiti chake kwa usiku mmoja, na hilo nalo ni jambo la kuhesabiwa.

6. Kibarua cha mechi nane kilicholeta kombe

Larry Robinson alikuwa beki wa Montreal katika miaka ya 1970, alipokuwa sehemu ya timu iliyoshinda Kombe la Stanley mara nne mfululizo, 1976 hadi 1979. Katika msimu wa 1976–77 Montreal walicheza mechi 80 za msimu wa kawaida na kupoteza nane tu. Robinson aliondoka Montreal na vikombe sita.

Machi 2000 alikuwa kocha msaidizi New Jersey. Zilipobaki mechi nane msimu wa kawaida kwisha, kocha mkuu alitimuliwa na Robinson akakabidhiwa mikoba. Wengi waliona ni kuziba pengo tu. Timu ikafuzu, ikavuka raundi baada ya raundi, na Juni hiyo akanyanyua kombe akiwa kocha. Anayejua wachezaji wake kutoka ndani hahitaji muda mrefu kuwapanga.

7. Za haraka haraka: mabeki na namba zao

Mrefu kuliko wote: Zdeno Chara wa Slovakia, mita 2.06, aliyekuwa nahodha wa Boston katika fainali ile ya 2013. Ndiye beki aliyecheza mechi nyingi zaidi NHL, 1,680. Mwaka 2012, kwenye shindano la kupima mikwaju, kisahani chake kilikwenda kasi ya kilomita 175 kwa saa.

Mfungaji mkubwa: Ray Bourque, mabao 410, mengi kuliko beki yeyote wa NHL.

Msimu bora: Bobby Orr, 1970–71. Pointi 139 (mabao na pasi za mabao), na timu yake ilifunga mabao 124 zaidi ya iliyofungwa yeye akiwa uwanjani. Tuzo ya beki bora aliichukua miaka minane mfululizo.

Kofia mbili kichwani: Doug Harvey, msimu wa 1961–62, alikuwa kocha wa New York Rangers na beki wao kwa wakati mmoja, na bado akatangazwa beki bora wa ligi.

8. Mtoto wa Kilifi kwenye Olimpiki ya baridi

Pwani yetu tayari ina jina katika orodha hii, ingawa si la hoki. Sabrina Simader alizaliwa Kilifi mwaka 1998, akapelekwa Austria akiwa na miaka mitatu, na huko baba yake wa kambo akamwingiza kwenye mchezo wa kuteremka milima ya theluji. Februari 2018, Pyeongchang, Korea Kusini, alibeba bendera ya Kenya na kuwa mwanamke wa kwanza kuiwakilisha nchi kwenye Olimpiki ya baridi. Alikuwa pia Mkenya wa kwanza kushindana katika mbio za kuteremka, na katika mojawapo alimaliza wa 38.

Mwaka aliozaliwa ndio huohuo Kenya ilipoingia kwa mara ya kwanza kwenye Olimpiki ya baridi, kupitia Philip Boit, kule Nagano, Japani. Boit alimaliza wa mwisho, wa 92, katika mbio za theluji za kilomita 10. Mshindi, Bjørn Dæhlie wa Norway, alimsubiri kwenye mstari wa mwisho ili kumkumbatia, na Boit akampa mwanawe jina la Dæhlie.

Kuna watakaosema Simader amekulia Ulaya, si wetu. Basi na Oduya si wetu. Tukihesabu hivyo tutabaki na rekodi chache sana, na tutakuwa tumewafukuza watu ambao wenyewe hawakutukataa.

9. Safari ndefu zaidi ya kwenda mazoezini

Kijana wa Malindi akitaka kukanyaga barafu ya kuchezea bila kuvuka mpaka, anakwenda Mombasa kilomita 120, kisha Nairobi karibu 480. Jumla ni 600 kwenda na 600 kurudi. Uwanja wa Panari ulifunguliwa mwaka 2005 na ulikuwa wa kwanza Afrika Mashariki. Ni mdogo kuliko uwanja rasmi wa mashindano, ambao hufikia mita 60 kwa urefu.

Mwanzoni walioutumia kwa hoki walikuwa hasa wageni kutoka Amerika Kaskazini. Vijana wa Nairobi waliokwisha kuzoea viatu vya magurudumu wakavutiwa, wakaomba magongo, na timu ya Kenya Ice Lions ikazaliwa ikiwa na kocha Mkanada, Tim Colby. Kwa muda mrefu walicheza wao kwa wao kwa sababu hapakuwa na timu nyingine ya kukutana nayo. Mwaka 2018 kampuni ya kahawa ya Tim Hortons iliwasafirisha hadi Kanada kucheza na timu ya wazima moto. Katika chumba cha kubadilishia nguo wakawakuta Sidney Crosby na Nathan MacKinnon, nyota wakubwa wa NHL, tayari wamevaa jezi za Kenya ili wacheze upande wao.

Mwaka 2024 Shirikisho la Kimataifa la Hoki ya Barafuni liliikubali Kenya kuwa mwanachama. Afrika Kusini imo tangu 1937; Kenya imefika ikiwa imechelewa, lakini imefika kwa uwanja mmoja wa hotelini, jambo ambalo nchi nyingi zenye theluji zisingejaribu.

10. Barafu inayotunzwa kwa taabu zaidi

Je, Pwani inaweza kuwa na uwanja wa namna hiyo? Barafu ya hoki haihitaji nchi ya baridi. Hutandazwa mabomba ndani ya sakafu ya saruji, na ndani ya mabomba hupitishwa maji ya chumvi yaliyopozwa sana, kwa sababu chumvi huyazuia yasigande. Juu ya sakafu humwagwa maji safi, tabaka jembamba baada ya jembamba, hadi unene wa sentimita tatu hivi. Joto la barafu huwekwa karibu nyuzi tano chini ya sifuri. Chumvi ipo Gongoni na Marereni. Tatizo ni bili ya umeme na unyevu wa bahari, maana hewa yenye maji mengi ikikutana na barafu huleta ukungu na umande unaoharibu sakafu. Inabidi hewa ya ukumbi mzima ikaushwe kwa mashine, mchana na usiku.

Pamoja na hayo, Kuwait, Falme za Kiarabu na Oman, ambako jua linawaka kuliko Kilifi, zote ni wanachama wa shirikisho lile. Na gari linalolainisha barafu kati ya vipindi, ambalo leo linatumika kote duniani, halikubuniwa Kanada. Lilibuniwa California yenye joto, mwaka 1949, na Frank Zamboni, mtoto wa wahamiaji Waitaliano, ambaye kabla ya hapo biashara yake ilikuwa kutengeneza mabonge ya barafu. Malindi ina Waitaliano, na ina watu ambao riziki yao ni barafu ya samaki.

Pwani hii pia imezoea mambo ambayo watu hudhani hayawezekani. Setilaiti ya kwanza duniani iliyotengenezwa kuchunguza mionzi ya eksirei angani ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970 kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Ngomeni. Ilipewa jina la Uhuru kwa sababu siku hiyo ilikuwa kumbukumbu ya uhuru wa Kenya.

Hukumu, na neno kwa msomaji

Ukiniuliza ni rekodi ipi kati ya kumi hizi iliyo kubwa, sitachagua sekunde 17 za Boston wala mkwaju wa Chara. Nitachagua mechi 167 za Avtar Singh Sohal pamoja na miaka aliyoitumia baadaye kuwafundisha wengine. Mechi hizo peke yake ni sifa ya mtu mmoja. Zikiongezwa na ukocha zinakuwa mali ya nchi. Oduya naye, New Jersey na Chicago, alikuta kocha aliyewahi kuwa beki wa kumwonyesha mahali pa kusimama. Yeye mwenyewe, baada ya kuacha kucheza, hakufuata ukocha. Sauti yake imesikika zaidi katika kutetea mazingira.

Kwa hiyo Kaunti ya Kilifi isianze na barafu. Ianze na sakafu moja laini ya saruji Malindi na nyingine Kilifi mjini, ambapo watoto wenye viatu vya magurudumu wataacha kupishana na bodaboda barabarani. Vijana wa Ice Lions walianzia kwenye magurudumu. Shule zenye kiwanja cha nyasi zitoe magongo stoo. Timu ya hoki ya Mombasa Sports Club iko saa chache tu kutoka Malindi, na mwalimu wa michezo anaweza kuiomba mechi ya kirafiki kwa barua moja. Nawe uliyewahi kuvaa jezi ya hoki shuleni, hasa kama ulikuwa beki, nenda Jumamosi ukafundishe. Kocha wa kwanza wa watoto hao hatatoka Kanada. Ni wewe.